Kabla ya Kuchagua Mashine, Angalia Ukingo

Mtu anayejenga Kinindo, mtaa wa Bujumbura, akifika karakana na mchoro wa geti mkononi, siku hizi huuliza kwanza kama kuna leza. Akiambiwa haipo, huondoka akiamini amenusurika na kazi mbovu. Akiambiwa ipo, hulipa bila kuuliza la pili. Wote wawili wanaweza kuumia, kwa sababu mashine haifiki nyumbani kwa mteja. Kinachofika ni ukingo uliokatwa. Huo ndio utakaochomelewa, utakaokunjwa, utakaopakwa rangi, utakaoguswa na mikono ya watoto na kunyeshewa mvua za Bujumbura tangu Oktoba hadi Mei, mwaka baada ya mwaka.

Hoja yangu katika safu hii ni moja: anza na ukingo, kisha rudi nyuma kwenye mashine. Ukijua ukingo utapitia nini, mashine hujitaja yenyewe, na mara nyingi haiwi ile ya bei kubwa. Usipojua, hata mashine ya kisasa kabisa itakupa geti linalobambuka rangi pembeni kabla msimu wa mvua haujaisha.

Kila njia na kovu lake

Njia za kukata chuma zinaonekana nyingi, lakini zinaingia katika mafungu manne. La kwanza ni la makali yanayosukumwa kwa nguvu: mkasi wa bati, gilotini, na tindo na nyundo ambazo mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wamezitumia miaka mingi kugeuza mapipa kuwa masanduku na majiko. La pili ni la kula chuma kidogokidogo: msumeno, diski ya grinda, mashine ya kuchonga mifereji. La tatu ni la joto: gesi, plazma na leza. La nne ni la maji yanayosukumwa kwa shinikizo la takriban ba 4,000 yakiwa yamebeba mchanga mgumu wa ganeti.

Kila fungu huacha kovu lake. Gilotini huacha upande mmoja laini na upande wa pili wenye meno madogo yanayokwaruza. Fundi mzuri hupapasa meno hayo kabla ya kukunja bamba, kisha huyaweka upande wa ndani wa mkunjo, maana yakikaa nje chuma huvutwa na ufa huanzia hapohapo. Diski ya grinda huacha ukingo uliopata joto na cheche zilizoruka mbali. Gesi na plazma huacha mavi ya chuma yaliyoganda chini ya mkato, na chuma chenyewe huwa kigumu kidogo pembeni, kiasi kwamba mtu akitaka kutoboa na kuchonga hesi karibu na mkato huo anavunja vifaa vyake. Maji hayaachi kovu la joto hata kidogo, ila hukata polepole, na ganeti ikishatumika huishia kuwa tope la kutupwa.

Hakuna kovu lililo baya kwa kila kazi. Ukingo wenye meno madogo ukifichwa ndani ya fremu na kuchomelewa, hakuna atakayeuona. Ukingo huohuo ukiwa kwenye reli ya ngazi utamkata mtoto mkono.

Geti lenye nakshi

Tuchukue kazi inayoagizwa zaidi katika mitaa ya kusini mwa Bujumbura: geti la gari lenye mabawa mawili, kila bawa mita 2 kwa 2, limefunikwa kwa bamba la chuma cha kawaida la milimita 2 na kukatwa nakshi ya majani ya mitende. Bamba la mita 2 kwa 1 la unene huo lina uzito wa kilo 31 na nusu hivi. Geti zima linakula zaidi ya kilo 120 za bamba kabla ya kuhesabu fremu. Kosa la mkato hapa ni hasara inayobebwa na watu wanne.

Nakshi ikiwa ya mistari iliyonyooka tu, msumeno na diski vinatosha, na pesa iliyobaki iende kwenye rangi. Nakshi ikiwa na mapindo makubwa, jani la upana wa sentimita 10 au zaidi, plazma inafanya kazi vizuri. Ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950, na inafanya kazi kwa kupitisha umeme ndani ya hewa inayobanwa katika tundu dogo hadi hewa hiyo ipate joto la maelfu mengi ya nyuzi na kuyeyusha chochote kinachopitisha umeme. Mashine ndogo ya ampea 40 hukata bamba la milimita 10 bila taabu.

Ila plazma ina tabia ambayo wateja hawaambiwi. Hewa yake huzunguka kama tufani ndani ya tundu, kwa hiyo mkato hautoki sawa pande zote mbili. Ukitazama kule inakoelekea, upande wa kulia hutoka umesimama wima na upande wa kushoto hutoka umelala. Kwa sababu hiyo umbo la nje hukatwa kwa kufuata mwendo wa saa, na tundu la ndani hukatwa kinyume chake, ili upande mzuri ubaki kwenye kipande kinachotunzwa na ule mbaya uende na takataka. Fundi anayezunguka vyovyote anakupa jani lenye ukingo mnyoofu hapa na uliolala pale, na jicho huliona hilo ukiwa barabarani. Kanuni nyingine ya karakana ni kwamba tundu lenye kipenyo kisichofika mara moja na nusu ya unene wa bamba halitoki duara kwa plazma. Tundu la namna hiyo litobolewe kwa keekee.

Plazma pia inataka hewa kavu. Bujumbura imekaa kando ya ziwa, na tangi la kompresa hujaa maji haraka. Maji hayo yakifika kwenye tochi hula ncha zake na kuchafua mkato. Karakana isiyokuwa na chujio la maji, au ambayo haifungui koki ya chini ya tangi kila asubuhi, inakata vibaya hata ikiwa na mashine mpya. Na kwa kuwa hewa imejaa naitrojeni, ukingo wa plazma huinywa. Ukichomelea juu yake bila kuusaga hadi chuma king'ae, weldi hutoka na vitundu kama sifongo.

Nakshi ikiwa nyembamba na ya kurudiarudia, hapo leza inastahili bei yake. Wazo la kukata chuma kwa mwali wa leza ukisaidiwa na oksijeni lilifanyiwa kazi Uingereza mwaka 1967, na mashine za leo hukata mwanya wa sehemu tu ya milimita, mahali ambapo plazma inakula milimita moja na nusu au zaidi. Vipande mia vitatoka kama kimoja. Swali la kuuliza karakana ya leza, hata hivyo, ni moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: mnatumia gesi gani kusukuma chuma kilichoyeyuka?

Wakitumia oksijeni, chuma kinaungua na mkato unakwenda kwa nguvu na kwa bei nafuu, lakini ukingo unabaki na ngozi nyembamba ya oksaidi, ya kijivu au nyeusi. Rangi hushika ngozi hiyo vizuri sana. Tatizo ni kwamba ngozi yenyewe haijashika chuma. Geti likitikiswa na gari au kugongwa na jiwe, ngozi inabanduka na rangi juu yake, na kutu inaanzia ukingoni ikitambaa kwenda ndani. Wakitumia naitrojeni, ukingo unatoka mweupe unaong'aa kama fedha, tayari kwa rangi, ila gesi nyingi zaidi inatumika na bei inapanda. Huhitaji maabara kutofautisha. Chukua ncha ya bisibisi, kwaruza ukingo. Ukiona kitu kinapukutika kama ganda, hiyo ni oksaidi, na lazima isagwe au ioshwe kwa asidi kabla ya rangi, hasa rangi ya unga inayookwa. Leza ya oksijeni ikifuatwa na usafishaji mzuri ni kazi nzuri. Ikipakwa rangi moja kwa moja, ni mkopo utakaolipwa na mwenye nyumba.

Mashine iwe ipi, kona kali ni adui wa rangi. Rangi ikikauka hujivuta na kukimbia kona, na hapo hubaki utando mwembamba kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za kukinga chuma kwa rangi hutaka kingo zifanywe mviringo, na kwa kazi nzito kiwango ni nusu kipenyo cha milimita 2. Bamba jembamba haliwezi kufika hapo, lakini kupitisha msasa ukingoni ili kidole kiteleze bila kukwama kunaongeza uhai wa geti kuliko rangi ya tabaka la tatu.

Bati lenye rangi halitaki moto

Ukiamka asubuhi mahali popote panapoezekwa utasikia grinda juu ya paa. Ninaomba, kwa heshima ya mafundi wa mapaa, tabia hiyo iachwe. Bati la kisasa lina tabaka la zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, na juu yake rangi. Diski ya grinda hurusha chembe za chuma zenye moto mkali ambazo huzama katika rangi mita moja na zaidi kutoka mahali pa kukata. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya mvua chache paa jipya linatokwa na madoa ya kahawia kama ndui, na watengenezaji wengi wa mabati huondoa dhamana pale wanapoona grinda imetumika.

Ukingo wenyewe nao unaumia. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo joto la diski huifukuza pale pale inapohitajika. Mkasi wa mkono, mkasi wa umeme au mashine ya kung'ata bati havifanyi hivyo. Na zinki ikibaki karibu na mkato hufanya kazi ya ajabu: hujitoa mhanga. Unyevu ukifika, inaliwa yenyewe kwanza na kuacha chuma cha ukingo kikiwa salama, mradi bati ni jembamba. Mkasi wa bei ndogo hapa unaushinda umeme wote wa karakana.

Zinki ina jambo lingine la kutajwa waziwazi. Anayekata au kuchomelea bati la zinki kwa joto anavuta mafusho yanayoleta homa, baridi na maumivu ya viungo jioni ile. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hunywa maziwa wakiamini yanakinga. Maziwa hayazuii mafusho kuingia kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kuondoa zinki mahali pa kukata, kufanya kazi mahali penye upepo na kuvaa barakoa inayofaa.

Chuma kinene na moto wa kale

Kuna watu wanaodhani kukata kwa gesi kumepitwa na wakati. Tochi ya oksijeni na asetilini ilitokea Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kazi ya Edmond Fouché na Charles Picard, na mpaka leo kwa bamba nene la chuma cha kawaida haijapata mshindani wa bei. Nguzo ya ghorofa inahitaji kitako cha milimita 20 au 25. Plazma ndogo haifiki, leza inayofika ni ghali mno, na gesi inapita bila kuhema. Haihitaji umeme. Katika mji ambako umeme wa shirika la REGIDESO unaweza kukatika kazi ikiwa katikati, na ambako uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umefanya jenereta kuwa mzigo, hilo si jambo dogo. Plazma au leza ikizimika katikati ya mkato inaacha shimo mahali ilipozimika na pale itakapoanza tena. Kwenye kipande cha nakshi, shimo hilo ni kifo cha kipande.

Lakini gesi ina mpaka ambao lazima uheshimiwe, na mpaka huo unatoka katika namna inavyofanya kazi. Moto wa tochi haukati. Unapasha chuma hadi nyuzi 900 hivi, kisha mkondo wa oksijeni safi unafunguliwa na chuma chenyewe kinaungua na kupeperushwa. Hii inawezekana kwa sababu chuma cha kawaida huwaka kabla ya kuyeyuka, na oksaidi yake huyeyuka kirahisi kuliko chuma. Alumini ni kinyume chake: yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini oksaidi yake haiyeyuki hadi kupita nyuzi 2,000. Stenlesi nayo hujifunika oksaidi ya kromu inayokataa kuondoka. Kwa hiyo anayekuambia atakukatia alumini kwa gesi anakuahidi uji wa chuma. Na bamba jembamba la milimita 2 au 3 likikatwa kwa gesi hujikunja kwa joto hadi lisilazike tena.

Usafi wa oksijeni pia ni sehemu ya ukingo. Ikipungua kwa asilimia 1 tu, kasi ya kukata hushuka kwa karibu robo, na mkato hujaa mavi ya chuma. Fundi anayelalamika kwamba mkono wake leo haukai vizuri, pengine mtungi ndio uliobadilika.

Stenlesi, ziwa na bahari

Reli za ngazi na roshani za Kinindo siku hizi zinatengenezwa kwa stenlesi, na wauzaji hupenda kusema kwamba karibu na maji lazima mtu anunue daraja la 316. Hilo ni kweli Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, na molibdeni iliyomo katika daraja hilo huizuia chumvi isichimbe vitundu. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Kando yake daraja la 304, lenye kromu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, linatosha kwa kazi nyingi za nyumba. Tofauti ya bei ni bora iende kwenye mkato.

Stenlesi ya Bujumbura haiharibiwi na ziwa kama inavyoharibiwa na diski. Fundi akitumia diski ileile aliyokatia chuma cha kawaida asubuhi, chembe za chuma hupakwa kwenye stenlesi, na baada ya wiki mteja anaona kutu na kudai ameuziwa bandia. Chuma ni halisi, ila kimechafuliwa. Diski za stenlesi ziwe zake peke yake, zile zilizoandikwa kwamba hazina chuma ndani, na meza ya kazi ifagiliwe kwanza. Plazma ikitumika, ile rangi ya buluu na dhahabu inayobaki pembeni lazima iondolewe kwa kusaga au kwa dawa ya kuchubulia, kwa sababu hapo kromu imepungua na kinga imevunjika. Moshi wake nao una kromu ya aina inayosababisha saratani. Kukata stenlesi kwa plazma ndani ya chumba kilichofungwa ni kosa kwa afya ya mtu.

Paneli za kuta na swali la moto

Sasa tufike kwenye paneli zinazofunika maduka, benki na majumba mapya: mabamba mawili membamba ya alumini ya nusu milimita yaliyobana moyo wa katikati, unene wote milimita 4. Wengi wanaziita Alucobond, jina la bidhaa iliyoingia sokoni mwaka 1969. Hapa leza, plazma na gesi zote ziwekwe kando. Moyo ukiwa wa plastiki, joto huuyeyusha na kuuwasha, na ukingo hutoka umevimba na kuachana. Paneli hizi hukatwa kwa msumeno wa duara wenye meno ya kabaidi, na hukunjwa baada ya kuchongwa mfereji nyuma.

Mfereji huo ndio mtihani wa fundi. Kwa paneli ya milimita 4 anachonga umbo la V kutoka nyuma hadi zibaki milimita 0.8 tu: nusu milimita ya ngozi ya mbele na tabaka jembamba la moyo, milimita 0.3. Kisha anakunja kwa mikono, bila mashine. Akizamisha mfereji zaidi akagusa ngozi, kona inapasuka, pengine siku hiyo, pengine baada ya miezi ya jua. Akiacha nyama nyingi, kona haipigi mstari. Meza ya kazi ikiwa na bonde la milimita moja, tayari amepoteza kazi, ndiyo maana mashine inayoegemea juu ya paneli yenyewe ni bora kuliko ile inayopima kutoka mezani.

Mambo mawili zaidi huamuliwa wakati wa kukata. Kwanza, karatasi ya kinga ya paneli ina mishale. Rangi za metali hung'aa tofauti ukizigeuza, kwa hiyo vipande vyote vikatwe mishale ikielekea upande mmoja, hata kama kugeuza kimoja kungeokoa nusu ya paneli. Pili, alumini hupanuka. Paneli ya mita 3 iliyolala usiku kwenye nyuzi 20 na kuota jua la mchana hadi nyuzi 60 huongezeka karibu milimita 3. Anayeikata ikae kwa kubana, bila mwanya, ataiona imevimba kama mgongo wa samaki.

Lakini jambo zito kuliko yote ni moyo wa paneli. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower mjini London liliungua na watu 72 wakafa. Uchunguzi ulieleza kwamba sababu kuu ya moto kupanda haraka vile ni paneli za alumini zenye moyo wa polietilini. Mkesha wa mwaka mpya wa 2016, hoteli ya The Address Downtown mjini Dubai nayo iliwaka upande mzima mbele ya macho ya dunia. Bujumbura haihitaji kufundishwa uchungu wa moto: soko kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na familia nyingi zilipoteza mtaji wa maisha siku moja. Paneli zenye moyo uliojazwa madini zipo, na zinapunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa.

Na hapa ndipo mkato unaposema ukweli ambao karatasi ya muuzaji inaweza kuuficha. Moyo wa plastiki ukichongwa hutoa vinyweleo virefu vinavyojikunja na kunata kwenye nguo. Moyo wa madini hutoa unga mzito. Moyo huo wa madini pia hula meno ya msumeno haraka, na fundi atakuomba nyongeza ya bei kwa ajili ya makali. Mlipe. Malalamiko yake juu ya msumeno kuisha ni habari njema kwa watu watakaolala ndani ya jengo hilo. Vumbi peke yake halitoshi kuwa cheti, hivyo daraja la moto liandikwe kwenye mkataba na karatasi zake ziombwe, lakini msimamizi anayesimama karibu na meza ya kukatia anaweza kugundua udanganyifu kabla haujapanda ukutani.

Hesabu ya bamba

Chuma chetu cha Burundi kinasafiri mbali. Kinaingia kwa njia ya Dar es Salaam, kwa barabara au kwa reli hadi Kigoma na kisha ziwani, na kinalipwa kwa fedha za kigeni ambazo ni adimu. Kwa hiyo takataka ya kukata ni dola zilizotupwa. Bamba la mita 2.44 kwa 1.22 lenye unene wa milimita 1.5 lina kilo 35. Msanifu akichora paneli za upana wa sentimita 62, mbili hazikai katika upana wa bamba, maana zinataka mita 1.24. Kila bamba linatoa safu moja, na karibu nusu inabaki. Akishusha hadi sentimita 60, mbili zinakaa, pamoja na upana wa mkato na nafasi ya pembeni. Sentimita 2 katika mchoro zimegawa gharama ya chuma kwa mbili, na hakuna aliyegusa mashine.

Bei ya leza pia hufuata mambo mawili: urefu wa mkato wote na idadi ya mara mwali unapotoboa kuanza upya. Nakshi ya vitundu 800 vidogo ni ghali kuliko nakshi ya mianya mirefu inayopitisha mwanga uleule. Tena vitundu vingi hulegeza mikazo ya ndani ya bamba, nalo hujipinda. Zitengwe fedha za kulinyoosha.

Mwisho wa hesabu ni mwili wa fundi. Diski ya milimita 230 imeandikwa mwendo wa mwisho, kwa kawaida mizunguko 6,600 kwa dakika. Grinda ndogo ya milimita 125 huzunguka karibu 11,000. Anayeondoa ngao na kufunga diski kubwa kwenye grinda ndogo anajiwekea bomu usoni. Kwenye pete ya katikati ya diski kuna tarehe ya kuisha muda, maana gundi yake huzeeka, hasa penye unyevu. Mteja anayesimama karakana ana haki na wajibu wa kuikataa diski iliyopita tarehe, awe Buyenzi ya Bujumbura, Gerezani ya Dar es Salaam au Katwe ya Kampala.

Utaratibu ninaousimamia

Kwanza uliza ukingo utafanywa nini: kuchomelewa, kupakwa rangi, kukunjwa au kubaki wazi. Pili uliza ni chuma gani na kina moyo gani. Tatu unene. Nne umbo na idadi ya vipande. Tano, kama umeme na gesi vitadumu hadi kazi iishe. Bei iwe ya sita. Ukifuata mpangilio huo, bati la rangi litakwenda kwenye mkasi, kitako cha nguzo kwenye gesi, geti la majani makubwa kwenye plazma, nakshi nyembamba kwenye leza, paneli ya ukutani kwenye msumeno, na maji ya ganeti yatasubiri kazi za mawe, vioo na alumini nene.

Wewe mwenye nyumba, usiandike kwenye mkataba jina la mashine peke yake. Andika hali ya ukingo unayotaka: usiwe na mavi ya chuma, usiwe na ngozi ya oksaidi chini ya rangi, kidole kipite bila kukwaruzwa. Omba kipande kimoja cha mfano, kikwaruze kwa bisibisi mbele ya fundi, kisha mkubaliane kwamba vyote vitafanana na hicho. Na wewe fundi, usiogope kumwambia mteja kwamba kazi yake haihitaji leza. Fundi anayesema hivyo na kutoa ukingo safi ndiye anayestahili kazi.